Mama Saa Ngapi na Dakika Tatu za Getini

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka makazini kuja kutushika mkono, mimi ninayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa, maana mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa, kazi yangu ni ushonaji wa nguo, na familia imenipa karatasi hizi nizisome kwa sababu, wanasema, nina sauti, ingawa dada mwenyewe alikuwa akisema kwamba nina sauti kubwa na kumbukumbu ndogo. Kwa hiyo tarehe zote mtakazozisikia nimezitoa kwenye makaratasi yake, nimezihakiki mara tatu, na shemeji yangu amezihakiki mara ya nne, maana huyu tunayemsindikiza leo hakuwa mtu wa kusemewa "mwaka themanini na kitu."

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959, saa kumi na moja na robo alfajiri, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa karani wa mizigo katika stesheni ya reli na mama aliyekuwa akishona sare za shule barazani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni hiyo, ambako treni ya asubuhi ikipita vikombe vilikuwa vinahama vyenyewe mezani. Mimi nimelelewa mgongoni kwake, nimekula kwa mkono wake, na nimechapwa kwa mkono huohuo, na kama kuna mtu hapa anayesema dada alikuwa mpole siku zote, huyo hakuishi naye. Alikuwa mkali, alikuwa na mapenzi makubwa, na chai aliyoipika ilikuwa ya kunywewa kwa heshima tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1967, akamaliza Novemba 1973 akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi arobaini na sita, na yule wa kwanza amefika leo, nimemwona pale nyuma, ni mfamasia mstaafu, dada hakumsamehe hadi mwaka jana. Kuanzia 1974 hadi 1977 alisoma sekondari ya wasichana ya bweni, na kuanzia Februari 1978 hadi Desemba 1979 alisoma chuo cha uhazili, akatoka na cheti cha daraja la kwanza katika uchapaji na hati mkato, zile alama ndogo za kuandikia haraka ambazo baba aliziangalia akauliza kama ni mwandiko au ni mende wamepita kwenye wino.

Tarehe 3 Machi 1980, siku ya Jumatatu, aliajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje akiwa mchapaji, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye mashine kumi na mbili na dirisha moja, akakaa humo miaka kumi na moja. Mwaka 1991 alihamishiwa kitengo cha usalama wa ofisi zetu za ubalozi zilizoko nje, akiwa karani wa kumbukumbu, na tarehe 1 Julai 1998 akateuliwa kuwa katibu wa bodi za uchunguzi, kazi aliyoifanya kwa karibu miaka kumi na miwili na ambayo ndiyo sababu ya historia hii kuwa ndefu kuliko mlivyozoea, naomba mnivumilie.

Wengi wenu mmeniuliza tangu juzi dada alikuwa akifanya kazi gani hasa, kwa sababu akisafiri alisema tu "naenda kazini" na akirudi alisema tu "nimerudi," na wapo majirani waliokuwa na hakika kwamba ni mpelelezi wa siri, jambo lililomfurahisha sana na ambalo hakulikanusha kwa bidii. Ukweli ni kwamba likitokea jambo zito katika ofisi ya ubalozi, watu wakapigwa risasi, au jengo likachomwa, au bomu likalipuka, serikali kwanza huhesabu watu wake, halafu huomba ruhusa kwa serikali ya wenyeji, maana ndani ya ukuta ni kwetu lakini barabara, hospitali na polisi ni vya wenyeji, halafu huunda bodi ya watu wachache ambao hawakuwa wakifanya kazi pale wala kumsimamia aliyekuwa akifanya kazi pale, na bodi hiyo hupewa siku arobaini na tano kujibu maswali manne: nini kilitokea, ulinzi uliokuwepo ulitosha, kuna mtu aliyekiuka wajibu wake, na tujifunze nini. Katibu ndiye anayeandika kila neno. Kila shahidi akimaliza kusema husomewa maneno yake mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha, akaweka sahihi chini ya kila ukurasa.

Dada alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo aliichukua kwa mama yetu. Alikuwa anafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, anakata vijikaratasi, kila kijikaratasi anaandika tukio moja na wakati wake, kisha anavibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo kufuata mpangilio wa saa, simu iliyopigwa hapa, mlango uliofunguliwa pale, na wakubwa wa bodi, majenerali na majaji, wakawa wanapita wameinama chini ya kamba kama watu waliokwenda kuonana na dobi. Hakuna shahidi aliyemkwepa asiulizwe "saa ngapi?", na huko ndiko lilikotoka jina ambalo wizara nzima ilimwita kwa mapenzi na kwa woga, Mama Saa Ngapi.

Tarehe 15 Desemba 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, mpima ardhi, ambaye alifika wizarani kugongewa muhuri kwenye ramani, akasahaulika kwenye benchi, hadi mchapaji mmoja alipotoa kichwa mlangoni akamwambia, "Kaka, umekaa hapo saa mbili na dakika kumi, nani anakushughulikia?", naye anasema tangu siku hiyo hajashughulikiwa na mtu mwingine. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 7 Februari 1987, ambaye ni nesi, na kijana aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1991, ambaye ni fundi umeme, na marehemu ameacha wajukuu watatu, ambao aliwaruhusu mambo yote aliyotuchapia sisi.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo dada ameniagiza niisome bila kuipunguza. Alipoona maji yamemfika shingoni, aliniita kitandani akanipa bahasha akaniambia, "Wewe utataka kunisifu, nakujua, sifa zako weka mfukoni, soma hii kwanza." Nimeweka sifa mfukoni, ingawa zimenijaa hadi kooni, na ninasoma alivyoandika, na pale nilipoongeza langu mtanitambua kwa maneno mengi.

Tarehe 11 Machi 2003, siku ya Jumanne, bomu lilipuka ndani ya uwanja wa ofisi yetu mojawapo ya ubalozi. Lilikuwa limefichwa ndani ya gari lililoleta makabati ya mafaili, likaua watu watatu, wageni wawili waliokuwa wamefuata viza na mlinzi wa geti, mwananchi mwenzetu aliyekuwa ametumikia pale miaka sita, mtu wa umri wa miaka arobaini na moja ambaye wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mjomba. Bodi ya watu watano iliondoka siku ya tatu, mwenyekiti akiwa jaji mstaafu na katibu akiwa dada yetu, wakakuta kibanda cha mlinzi kimeungua chote, kamera zimeyeyuka, na vipande vya gari vimepangwa na polisi wa wenyeji juu ya turubai katika gereji ya zimamoto, kila kipande na namba yake.

Kitu kimoja kilikuwa kimesalimika, nacho ni daftari la geti, lile la kuandikia kila anayeingia na anayetoka, wafanyakazi kwa wageni na magari, pamoja na saa yake. Lilikutwa chini ya mwili wa Mjomba, ndani, kwenye ukumbi mrefu wa ghorofa ya chini, mbali na geti. Katika ukurasa wa siku ile alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima kwamba gari la makabati limeingia saa tatu na dakika thelathini na moja asubuhi. Polisi wa wenyeji walikuwa na kumbukumbu ya simu inayoonyesha kwamba walipiga ubalozini kutoa onyo, gari lolote lisiruhusiwe kuingia, saa tatu na dakika ishirini na nane, na mhudumu wa mapokezi alithibitisha kwamba alimfikishia Mjomba onyo hilo palepale. Zimamoto waliandika mlipuko saa tatu na dakika arobaini.

Dada alibana vijikaratasi vitatu hivyo kwenye kamba yake, onyo, gari, mlipuko, na kamba ikasema kwamba mlinzi alipewa onyo, kisha dakika tatu baadaye akafungua geti. Mashahidi kadhaa walisema gari lilikuwepo uwanjani muda mrefu, mmoja akasema lilikuwepo tangu hajanywa chai, na dada ndiye aliyeandika katika taarifa sentensi hii, ambayo aliikariri kwangu mara nyingi kuliko jina lake: "Mashahidi waliokuwa katika mshtuko hawawezi kutegemewa kuhusu urefu wa muda." Na kwa kuwa Mjomba alikutwa ndani akiwa na daftari, bodi ilieleza kwamba baada ya kufungua geti aliacha lindo lake akakimbia na daftari ili kuficha alichokifanya. Tarehe 2 Mei 2003, siku ya Ijumaa, taarifa ilisomwa mbele ya waandishi wa habari, ikatangazwa redioni mchana na jioni, na katika ukuta wa kumbukumbu uliojengwa pale ubalozini yakachongwa majina mawili.

Mjomba aliacha mke, ambaye ni mpishi wa shule, na binti wa miaka mitano. Nasoma alivyoandika dada: "Sikuwafikiria. Nilipanda ndege nikalala."

Miaka sita na miezi saba ikapita. Tarehe 19 Oktoba 2009, siku ya Jumatatu, ofisi ile ya ubalozi ilipokuwa ikihamia jengo jipya, madaftari ya zamani ya geti yaliletwa wizarani yatunzwe, mabuku sita ya miaka sita ya Mjomba, na dada akapewa kazi ya kuyaorodhesha, kazi ya kuchosha ambayo yeye aliipenda. Alipofika buku la pili alianza kutabasamu, kwa sababu aliona kwamba wafanyakazi wote wa ubalozi, kuanzia balozi hadi dereva, walikuwa wakitoka kwenda kula chakula cha mchana saa nane kamili, na yeye alikumbuka vizuri kwamba pale chakula kilikuwa saa saba. Akafungua buku la tatu, saa nane, akafungua la nne, saa nane. Aliniambia, "Mdogo wangu, mimi nimefanya kazi serikalini karibu miaka thelathini, sijapata kuona ofisi inayochelewa chakula kwa saa nzima, kila siku, kwa miaka sita." Anasema tabasamu lilimkauka usoni akiwa amekaa vilevile na buku mapajani.

Alimtafuta kwa simu dereva mstaafu wa ubalozi ule, akamuuliza saa ya kwenye kibanda cha mlinzi ilikuwaje, na yule mzee akacheka akasema, "Ile? Ile ilikuwa saa ya nyumbani, mama, balozi aliyepita aliiweka makusudi ili Mjomba ajue wizara inafungua lini apokee simu, sisi wote tulikuwa tunajua, ukitaka saa ya pale unapunguza moja." Saa ya huku kwetu ilikuwa mbele ya saa ya kule kwa saa moja. Mjomba aliandika daftari lake lote kwa saa ya kibandani, kibanda kikaungua na saa yake, na kila mfanyakazi wa pale aliijua habari hiyo kiasi kwamba hakuna aliyefikiri inahitaji kusemwa. Dada aliwauliza mashahidi ishirini na wawili saa ngapi, na hakumuuliza hata mmoja saa ya wapi.

Kwa hiyo gari lile liliingia saa mbili na dakika thelathini na moja, karibu saa nzima kabla ya onyo, likiwa na kibali cha ofisi, na Mjomba alifungua geti kama alivyotakiwa afungue. Dada alilirudia lile daftari la siku ya mwisho. Pembeni ya majina kulikuwa na alama za vema, alama zilizochorwa ovyo, kalamu ikiruka, tofauti kabisa na mwandiko ule wa wima, na bodi ilizipita bila kuziuliza. Alizihesabu, zikawa kumi na saba. Watu waliotoka salama kwa mlango wa nyuma wa bustani kabla ya mlipuko walikuwa kumi na saba. Majina mawili hayakuwa na alama, na yalikuwa ya wale wageni wawili wa viza.

Mjomba alipopata onyo alilitazama gari lililokuwa tayari uwanjani, akaona dereva wake hayupo, na badala ya kutoka nje ya geti, ambalo lilikuwa hatua nne kutoka alipokaa, aliingia ndani na daftari lake, akagonga mlango kwa mlango, jambo ambalo mashahidi walilisema na bodi ikalihesabu kuwa ni hofu ya mkosaji, akawatoa watu mmoja mmoja akiwatia alama asimsahau mtu, kisha akarudi kuwafuata wale wawili.

Dada alikaa na jambo hilo siku kumi na tisa bila kumwambia mtu, hata shemeji, ambaye alidhani ni malaria akawa anamletea dawa. Anaandika kwamba katika siku hizo aliogopa, aliogopa kucheka kwa wenzake, aliogopa jina lake, na ameagiza hofu hiyo itajwe. Tarehe 7 Novemba 2009 alipiga moyo konde akaandika barua kwa wizara akieleza kosa na akisema ni la kwake. Alijibiwa kwamba bodi ilishavunjwa na taarifa ilishafungwa. Alimfuata jaji mstaafu nyumbani, naye akamwambia kwa upole, "Mama, bodi haipo tena, nani atarekebisha?", dada akajibu, "Basi iundwe ya kurekebisha, kwani ya kukosea iliundwaje?" Jaji alimwonyesha mlango, kwa adabu lakini alimwonyesha.

Tarehe 6 Februari 2010, siku ya Jumamosi, bila kuruhusiwa na mtu, alikwenda kwa mke wa Mjomba. Alimkuta jikoni shuleni, akamweleza yote akiwa amesimama, na yule mama akamsikiliza hadi mwisho akamwambia, "Miaka saba mwanangu anaitwa mtoto wa msaliti, nimemhamisha shule mara mbili, halafu leo unakuja kuniambia mlisahau kutazama saa?" Akaufunga mlango wa jiko. Dada alirudi Jumamosi iliyofuata, akafungiwa tena. Mara ya tatu yule mama alisukuma karai la viazi kwa mguu, akasema, "Kama umekuja kukaa, basi menya." Dada alimenya, vibaya, maana jikoni hakuwa mtu wa kutegemewa, na akaendelea kwenda kumenya kwa miaka kumi na moja.

Kwa kosa la kutoa mambo ya siri ya bodi, tarehe 22 Machi 2010 alipewa barua ya onyo kali, akaondolewa katika ukatibu, akapelekwa masjala, chumba cha chini cha mafaili, ambako alikaa hadi alipostaafu tarehe 14 Agosti 2019. Wapo waliompa mgongo kwenye ngazi, na wapo waliomwambia kwamba anaaibisha serikali kwa ajili ya mlinzi aliyekwisha kufa. Yeye aliendelea kuandika barua. Aliandika barua saba, zote nakala ninazo, kila moja ina mchoro wa kamba na vijikaratasi vikiwa mahali pake sahihi.

Barua ya saba ilimfikia ofisa mmoja mpya aliyeisoma hadi mwisho, na tarehe 12 Juni 2012 wajumbe wanne wa bodi ya zamani waliokuwa hai waliitwa, wakaonyeshwa mabuku sita, wakawekewa mezani nyongeza ya kurekebisha taarifa, na wa kwanza kuchukua kalamu alikuwa yule jaji mstaafu, ambaye sasa alikuwa akitembea kwa fimbo. Alisaini kila ukurasa, kisha akamwambia dada mbele ya watu, "Nilikufukuza nyumbani kwangu, nisamehe." Yule jaji alifariki mwaka 2016, na dada alikwenda kumzika.

Nyongeza hiyo ya taarifa ilikuwa na kurasa mbili, ikagongwa muhuri wa siri, ikatiwa ndani ya faili, na faili likarudi masjala, kwenye rafu ambayo dada aliifuta vumbi kwa mikono yake mwenyewe. Mke wa Mjomba alipata barua ya mstari mmoja, kwamba taarifa ya awali imeangaliwa upya. Lile kosa lilikuwa limetangazwa redioni, na marekebisho yake hayakuruhusiwa kusomwa hata mbele ya mtoto wa aliyekosewa. Hilo ndilo lililomsumbua dada hadi pumzi ya mwisho, zaidi ya maradhi yenyewe, na tarehe 4 Septemba 2023, akiandikiwa na binti yake kwa sababu mkono ulikuwa umekataa kalamu, alituma barua ya nane, akiomba kitu kimoja tu, nyongeza isomwe hadharani.

Dada alianza kuugua Mei 2021, figo zikagoma, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila Jumatano aliyekaa naye pale kwenye kiti cha plastiki kwa saa nne alikuwa ni mpishi wetu huyu, mke wa Mjomba, na chupa yake ya chai, chai ya kweli hiyo, wakisema mengi, siku nyingine wakigombana kuhusu bei ya viazi. Siku moja nilimkuta akimpaka dada mafuta miguuni, nikarudi nje nikasimama koridoni, sikutaka wanione ninavyolia. Hali yake ilibadilika Jumapili tarehe 12 Novemba 2023, na Jumanne tarehe 14 Novemba, saa nne na dakika hamsini asubuhi, saa ya hapa, aliaga dunia mikononi mwa mumewe na binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi mitatu kamili, jibu la wizara likiwa halijafika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walizoea kuulizwa saa ngapi kila walipogusa mashine na hawakuchoka kujibu. Tunawashukuru majirani, hasa mama wa nyumba ya kona aliyewachukua wajukuu na kuwarudisha wakiwa wameoga, tunawashukuru wafanyakazi wenzake, wa chumba cha wachapaji na wa masjala, na hata wale waliompa mgongo na leo wamefika, karibuni, yeye alishayamaliza nanyi zamani. Shemeji yangu, umemtunza dada yetu miaka thelathini na minane na miezi kumi na moja, sisi ndugu zake hatuna cha kukulipa isipokuwa kukupenda. Nawe mpishi, wewe si mgeni katika nyumba hii, umekuwa dada yetu, na dada mkubwa sasa ni wewe.

Nimebakiwa na karatasi moja. Jana, Alhamisi tarehe 16 Novemba, saa nane mchana, dereva wa wizara alifika nyumbani na barua, na imeandikwa kwamba muhuri wa siri umeondolewa, jina la tatu litachongwa ukutani, na familia ya mlinzi marehemu inaruhusiwa kuisoma nyongeza hadharani, mahali popote itakapochagua. Nilimpelekea mpishi palepale. Nilidhani angechagua shuleni kwake, au redioni kama lilivyotangazwa lile kosa, yeye akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Isomwe kesho, pale atakapokuwepo na yeye." Binti wa Mjomba, umekuwa mtu mzima sasa, simama mama, simama watu wakuone, nami nisome.

"Bodi inarekebisha taarifa yake ya tarehe 2 Mei 2003 kama ifuatavyo. Gari liliingia saa mbili na dakika thelathini na moja asubuhi, kwa kibali halali. Onyo lilipokelewa saa tatu na dakika ishirini na nane. Baada ya onyo mlinzi hakufungulia gari lolote. Kuanzia wakati huo hadi mlipuko wa saa tatu na dakika arobaini alipita chumba kwa chumba akiwa na daftari la geti, akawatoa watu kumi na saba, akamtia alama kila aliyetoka, na alikufa akiwa amerudi kuwafuata wawili waliobaki. Hakuacha lindo. Kosa la saa lilikuwa la bodi, na lilifanywa na katibu wa bodi, ambaye anaomba radhi kwa mke na mtoto wa mlinzi."

Imesomwa leo, tarehe 17 Novemba 2023, saa tisa na dakika tano alasiri, mbele yenu nyote, na mtoto wake amesimama. Dada, amesikia. Sasa lala, mama yangu wa pili, lala kwa amani.